Pengo la nani lizibwe kwanza? Vipandikizi vya meno na hali ya Kakamega

Katika picha za kale za wazee wa Magharibi mwa Kenya kuna jambo ambalo kijana wa leo huliona upesi: mzee akicheka, meno ya mbele ya taya la chini hayapo. Hayakuoza, wala hayakuvunjika katika ugomvi. Yaling'olewa kwa makusudi angali kijana. Kwa Waluo yalitolewa 6. Kwa baadhi ya Waluhya, machache zaidi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ya kitabibu: mtu akishikwa na pepopunda na taya likakaza, uji na dawa vipate pa kupitia. Pengo lilikuwa kinga, tena lilikuwa kitambulisho. Aliyekuwa nalo alijulikana kwao ni wapi na kwamba amevuka utoto.

Siku hizi pengo hufichwa. Kukitokea kicheko sokoni Kakamega mjini, kuna mikono inayopanda upesi kuziba mdomo. Kijana aliyepoteza meno mawili ya mbele katika ajali ya boda boda hataki kupigwa picha, na akienda kutafuta kazi huzungumza kwa midomo iliyobana. Kukhu, yaani nyanya, aliyebaki bila magego ameacha mahindi ya kuchoma na nyama ya kuku wa kienyeji, anashindia uji, chai na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi. Na wajukuu wake wakifungua simu hukutana na matangazo ya kliniki za Nairobi na Kisumu yakiahidi meno mapya yaliyofungwa ndani ya mfupa, meno yasiyolala kwenye bilauri ya maji usiku.

Ahadi hiyo si ya uongo. Vipandikizi vya meno ni miongoni mwa matibabu yaliyochunguzwa kwa muda mrefu na kuthibitika. Swali zito kwa kaunti yenye watu 1,867,579, kwa hesabu ya sensa ya 2019, ni nani anayevihitaji kweli, nani ataumia kwa kuvikimbilia, na pesa za umma zianzie wapi.

Hadithi yake ilianzia Sweden. Mwaka 1952 mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya titani. Utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kushikana na titani bila utando wowote katikati. Mwingine angeghadhibika kwa kupoteza vyombo vya gharama. Yeye alitumia miaka iliyofuata kuuliza kwa nini. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na asiye na meno ya chini. Larsson alikufa 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi baada ya miaka 40 na zaidi. Hata hivyo madaktari wengi walimdharau Brånemark kwa muda mrefu. Ni katika mkutano wa Toronto wa 1982 ndipo vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vilipoukubali ushahidi wake.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa lugha nyepesi. Daktari hupasua ufizi, hutoboa mfupa wa taya, na kukaza skrubu ya titani yenye kipenyo cha kama milimita 3 hadi 5 na urefu wa kama milimita 8 hadi 13. Kisha husubiri. Kwa utaratibu wa Brånemark taya la chini lilipewa kama miezi 3, la juu hadi 6, ili mfupa uishike skrubu barabara. Baadaye huwekwa kishikizo juu yake, na juu ya kishikizo hufungwa jino lenyewe lililotengenezwa na fundi wa meno katika maabara. Siku hizi wapo wagonjwa wanaofungwa jino la muda siku ile ile, lakini hilo hutegemea mfupa mgumu, skrubu iliyokaza vizuri na daktari anayejua kukataa pale masharti hayo yasipotimia.

Ugumu umo katika mambo madogo. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, seli zake huanza kufa, na skrubu iliyowekwa kwenye mfupa uliokufa haitashika. Kwa hiyo ncha ya kutoboa lazima iwe kali, mwendo wake uwe wa kadiri, na maji ya chumvi yaliyo safi yamiminike bila kukatika. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo hisia. Ukiguswa, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi ya mdomo na kidevu maisha yake yote. Juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua ambao skrubu ndefu inaweza kuuingilia. Picha ya eksirei ya kawaida haionyeshi upana wa mfupa, ndiyo maana mashine za picha za pande tatu zimekuwa sehemu ya kazi hii. Kliniki isiyo na mashine hiyo wala pa kumtuma mgonjwa akapigwe picha hiyo isijaribu kesi ngumu.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya Kakamega huishia. Jino moja la kupandikizwa katika kliniki nyingi za mijini nchini Kenya huvuka shilingi 100,000, na si ajabu kukuta 150,000 au zaidi, hasa mfupa ukihitaji kuongezwa. Tuchukue 150,000 na tuipime kwa kipimo kinachoeleweka Mumias, Matungu, Navakholo na Malava. Bei ya tani ya miwa katika miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 5,000. Jino moja basi ni tani 30. Ekari moja ya miwa ya mkulima mdogo wa Magharibi, ikiwa imetunzwa, hutoa kama tani 20 hadi 30, na muwa wa kwanza hukaa shambani karibu mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Kabla pesa hazijafika mkononi kuna makato ya mbolea, ya wakataji na ya trekta. Na wakulima wa eneo hili wanakumbuka vizuri miaka ya malipo yaliyocheleweshwa kabla ya Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanza kusaga miwa 1973, kuwekwa chini ya mrasimu 2019. Kwa familia kama hiyo, jino moja ni zaidi ya ekari nzima ya jasho, na karo ya shule bado haijaguswa.

Bima haisaidii sana. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini mwanachama wa kawaida asitarajie kulipiwa vipandikizi. Bima nyingi za binafsi nazo huviweka kwenye orodha ya yasiyolipiwa, kwa hoja kwamba ni urembo. Jamii yenyewe ina mtazamo huo huo. Watu wa Kakamega huchanga bila kusita kwa ajili ya mazishi, kwa upasuaji wa moyo, kwa mtoto aliyeitwa chuo kikuu. Harambee ya meno ni nadra kusikika. Mtu asiyeweza kutafuna huonekana ana tatizo la sura, ilhali tatizo lake ni la chakula.

Ni vyema kuuliza mapengo haya yanatoka wapi, kwa sababu jibu linabadilisha kila kitu kinachofuata. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 uliona kwamba asilimia 34.3 ya watu wazima Wakenya walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 98.1 fizi zao zilitokwa na damu zikiguswa. Kakamega ni nchi ya sukari: viwanda vya West Kenya na Butali viko hapa, vibanda vya sukari nguru vimejaa mashambani, na chai huwekwa sukari kwa vijiko vya kujaa. Kutafuna muwa kwenyewe huenda si adui mkubwa kama wazazi wanavyodhani, kwani nyuzi zake huamsha mate. Hatari kubwa iko katika sukari inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima, kwenye chai, soda na juisi za pakiti, bila jino kupata nafasi ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ingefaa ishuke hata chini ya asilimia 5. Vikombe vitatu vya chai ya nyumbani vinaweza kuifikia alama hiyo kwa urahisi.

Kuna sababu nyingine. Ajali za pikipiki huvunja meno ya mbele ya watu ambao hawajatimiza miaka 30. Kuna pia imani iliyoenea Afrika Mashariki, inayojulikana Tanzania kwa jina la meno ya plastiki na Uganda kwa jina la ebino, ambayo hudai kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga huletwa na vijimeno vinavyochipuka chini ya ufizi. Vijimeno hivyo huchimbuliwa kwa chombo kichafu, na mtoto akinusurika hukua bila chonge au akiwa na meno yaliyopinda. Na kuna uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma. Huota polepole, mara nyingi kwa vijana, bila maumivu, mpaka uso unavimba upande mmoja. Dawa yake ni kukata sehemu ya taya. Kijana wa miaka 25 hutoka hospitalini akiwa hai, lakini bila nusu ya meno ya chini.

Sababu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni neno linalosikika kila siku katika vyumba vya meno vya hospitali za umma: "Ng'oa tu, daktari." Mgonjwa amevumilia kwa miezi, ametumia karafuu, amemeza dawa za maumivu za dukani, na sasa hajalala siku tatu. Kuziba mzizi wa jino kunahitaji ziara kadhaa na pesa nyingi. Kung'oa ni dakika chache na shilingi mia kadhaa. Uamuzi unajifanya wenyewe. Hakuna anayemwambia kwamba katika mwaka mmoja baada ya kung'olewa gego, upana wa mfupa wa mahali hapo unaweza kupungua kwa kama nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Akija kutafuta kipandikizi miaka 10 baadaye, mfupa wa kukishika huenda haupo tena.

Kabla ya kukimbilia skrubu, njia nyingine zinastahili kutazamwa bila dharau. Sahani ya plastiki yenye jino moja au mawili hutengenezwa kwa bei inayofikika, na fundi mzuri akichukua vipimo vizuri humfaa mtu kwa miaka. Ubaya wake unajulikana: huegemea ufizi, huchezacheza, na isiposafishwa huozesha meno jirani yaliyokuwa mazima. Daraja la kawaida hushika vizuri zaidi, lakini daktari hulazimika kuchonga meno mawili ya pembeni, na kuchonga jino zima ili kuziba pengo la jirani yake ni gharama isiyorudishwa. Ipo njia ya tatu ambayo haitajwi vya kutosha: jino la bandia lenye bawa dogo linalobandikwa kwa gundi maalumu nyuma ya jino la jirani, bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo mno. Kwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele, bawa moja lililobandikwa kwa ustadi linaweza kudumu miaka mingi, na likibanduka hubandikwa tena. Kabla kijana huyo hajauza ng'ombe ili apate kipandikizi, anastahili kuambiwa kwamba njia hii ipo.

Ipo hata njia ya kutofanya lolote, na ushahidi wake umetoka nyumbani Afrika Mashariki. Mapema miaka ya 1980 Mholanzi Arnd Käyser alitoa hoja kwamba mtu hahitaji meno yote 32 ili ale vizuri; meno ya mbele pamoja na magego madogo yanayokutana juu na chini yanaweza kutosha. Hoja hiyo ilipimwa nchini Tanzania na mtafiti Paulo Sarita akishirikiana na wenzake wa Uholanzi, wakachapisha matokeo 2003. Waliwachunguza mamia ya Watanzania waliobaki na safu fupi za meno. Waliokuwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa inayokutana walijieleza kuwa wanatafuna vya kutosha. Taabu ilizidi kwa wale ambao safu ilifupika kupita hapo. Hawa walikuwa watu wanaokula vyakula vyetu, vigumu na laini. Mtu wa Butere aliyepoteza gego la mwisho na kuambiwa kwamba pengo hilo lazima lizibwe kwa laki moja na nusu ana haki ya kumuuliza daktari: je, nikiliacha?

Basi nani asiachwe?

Wa kwanza ni kibogoyo wa taya la chini. Meno kamili ya bandia ya juu hushikwa na paa la kinywa, hutulia. Ya chini hayana pa kushika: ulimi huyasukuma, huelea kwenye mate, na mfupa ulio chini yake huzidi kulika. Utafiti wa Antje Tallgren uliochapishwa 1972, uliofuatilia watu kwa hadi miaka 25, ulionyesha kwamba taya la chini hupungua kwa kama mara 4 ya la juu. Ndiyo maana wazee wengi huyavaa ya juu na kuyaacha ya chini kabatini. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitamka kwamba tiba ya kwanza ya kuchaguliwa kwa mtu kama huyo iwe vipandikizi viwili tu mbele ya taya la chini, na meno ya bandia yafungwe juu yake kwa vifungo vya kubana na kubandua. Wataalamu wa Uingereza walikubaliana na hilo mjini York 2009. Viwili tu, si sita wala kumi. Tena vinakaa mbele, mahali ambapo mfupa hubaki imara hata uzeeni na mshipa wa fahamu uko mbali. Huu ni upasuaji mdogo kuliko mwingi unaofanywa katika hospitali za kaunti, na faida yake huonekana mezani wiki ile ile meno yanapofungwa: mtu anarudi kula nyama na mboga zake.

Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 23 ya watu wenye miaka 60 na zaidi hawana jino hata moja. Kenya inazeeka polepole, lakini inazeeka, na wazee wengi wa Kakamega wanaishi vijijini wakilea wajukuu ambao wazazi wao wako Nairobi. Afya ya mlezi huyo si jambo la pembeni.

Wa pili ni kijana aliyekatwa taya kwa sababu ya uvimbe, au aliyevunjwavunjwa uso kwa ajali. Kwake sahani ya plastiki haina pa kukaa, na daraja halina meno ya kuegemea. Madaktari wa upasuaji wa uso huweza kuchukua mfupa wa mguu, kuunda taya upya, kisha kuweka vipandikizi ndani yake. Ni kazi ya hospitali kubwa, na hapo kuita kipandikizi urembo ni kumkosea mtu heshima. Kama kuna fungu la bima ya taifa la kupiganiwa bungeni, ni hili.

Anayefuata, mbali kidogo nyuma yao, ni mtu mzima mwenye afya, pengo moja la mbele, meno jirani yasiyo na doa na pesa ambazo hazitoki kwenye karo. Huyo kipandikizi kitamfaa sana, na si vibaya akajilipia. Tafiti za muda mrefu zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10 zaidi ya vipandikizi 9 katika kila 10 huwa bado vimo kinywani.

Takwimu hiyo nzuri ina masharti yasiyoandikwa kwenye matangazo. Sigara huongeza maradufu hivi uwezekano wa kipandikizi kushindwa. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha mfupa kupona. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake barabara hana sababu ya kukataliwa, na daktari anayemfukuza kwa sababu hiyo pekee amepitwa na elimu. Lakini adui aliye karibu zaidi ni uchafu. Kipandikizi hakiozi, ufizi na mfupa unaokizunguka huugua. Makadirio ya wataalamu ni kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 mwenye vipandikizi hatimaye hupata ugonjwa unaokula mfupa huo. Hauumi mwanzoni. Damu kidogo wakati wa kupiga mswaki, harufu, kisha siku moja skrubu inacheza. Tukumbuke ile asilimia 98 ya fizi zinazotoka damu. Kupandikiza titani kwenye kinywa chenye fizi zilizovimba ni kuhamishia ugonjwa nyumba mpya, na daktari mwaminifu husafisha fizi kwanza, husubiri, huangalia kama mgonjwa amejifunza kusugua, ndipo huzungumzia skrubu.

Kisha kuna swali la nani atakitunza. Kuna mamia ya aina za vipandikizi duniani, na vishikizo na skrubu ndogo za aina moja mara nyingi haviingiliani na vya nyingine. Mkazi wa Lugari aliyewekewa jino India, Uturuki au Dubai, kazi ikiisha akarudi nyumbani, anaweza kukuta skrubu ya juu imelegea, jambo dogo la dakika 10, na hakuna daktari wa Kakamega hadi Eldoret mwenye bisibisi inayoiingia. Wanaofanya kazi Ghuba na kutamani kurudi na meno mapya wanapaswa kulifikiria hili kabla ya kulipa. Kila aliyewekewa kipandikizi anapaswa kupewa karatasi yenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na tarehe. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na hati ya shamba.

Hatari kubwa zaidi ni ya mikono isiyofundishwa. Kenya imekuwa ikifundisha madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijiunga baadaye. Hata hivyo walio wengi wamebaki Nairobi na miji michache mikubwa. Pengo hilo la wataalamu hujazwa na watu wanaotengeneza meno ya bandia vichochoroni, wakiyabandika kwa gundi juu ya mizizi iliyooza. Maafisa wa afya ya kinywa waliosomea kazi hiyo ni nguzo ya hospitali za vijijini, wanang'oa na kuziba kwa ustadi, lakini upasuaji wa vipandikizi si wao. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina rejista inayoweza kusomwa na yeyote kwenye mtandao. Kulitafuta jina la daktari hapo kabla ya kulipa amana ni kazi ya dakika moja.

Na kaunti ifanye nini? Kakamega ina hospitali yake kuu ya rufaa na mafunzo mjini, ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ina tawi la chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Ina pia jengo la hospitali mpya ya rufaa lililoanza kujengwa enzi za Gavana Wycliffe Oparanya na kukaa miaka mingi bila kukamilika, kwa hiyo wananchi wana haki ya kutilia shaka ahadi kubwa. Lakini huduma ya vipandikizi haihitaji jengo. Inahitaji daktari mmoja au wawili wapelekwe kusomea kazi hii, mtambo mmoja wa kutobolea, aina moja tu ya vipandikizi inayonunuliwa kwa wingi ili vipuri visipotee, fundi wa maabara anayelipwa vizuri, na orodha ya vibogoyo wa taya la chini wanaoanza kuhudumiwa kwa zamu. Kliniki ya namna hiyo haitashindana na za binafsi. Itawahudumia watu ambao za binafsi haziwaoni kamwe.

Sehemu kubwa ya fedha, hata hivyo, lazima iende nyuma zaidi kwenye mnyororo, kabla jino halijatoka. Hapa pia Afrika Mashariki ina cha kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono peke yake: uozo hukwanguliwa bila mashine na bila umeme, tundu hujazwa saruji maalumu inayotoa floraidi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe 1994, na 2021 saruji ya aina hiyo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu duniani. Mwalimu akitoa darasa moja kwa asubuhi mbili kila muhula, afisa wa afya ya kinywa anaweza kuokoa magego mengi katika shule ya msingi ya Shinyalu au Khwisero bila waya wa stima kufika hapo. Kwa bei ya kipandikizi kimoja cha Nairobi, huduma hiyo ingefikia watoto wengi.

Kuna elimu nyingine isiyogharimu chochote, na kila mwendesha boda boda, kocha wa mpira na mwalimu wa zamu aijue. Jino la ukubwani likichomoka zima kwa kugongwa, lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, lisiguswe mzizi. Likiwa na vumbi lisuuzwe kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache bila kusugua, lirudishwe tunduni, na mtu aume kitambaa safi mpaka afike hospitali. Ikishindikana, liwekwe ndani ya maziwa. Katika kaunti hii maziwa hayako mbali. Nafasi ya kupona ni kubwa ndani ya nusu saa na hupungua sana baada ya saa moja. Jino la utotoni halirudishwi.

Kwa msomaji anayefikiria kipandikizi sasa hivi, maswali ya kumpelekea daktari ni machache: fizi zangu ziko tayari? Picha ya mfupa inaonyesha nini? Njia ya bei nafuu inanifaa, na kama hainifai, kwa nini? Ni aina gani, na vipuri vyake viko wapi Kenya? Nani ataniangalia kila miezi 6? Daktari akijibu yote kwa subira, huyo anafaa kuaminiwa taya. Akikasirika, Kisumu ni kilomita 50 tu kutoka Kakamega, na kuna madaktari wengine.